Mkia wa Farasi wa Kapteni

Kirusi nilijifunza kwa ngumi. Sikukaa darasani wala sikushikwa mkono na mwalimu. Nilikwenda Baku nikiwa kijana, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu Shahrud, Uajemi, kuchimba mafuta ya watu wengine, na msimamizi wetu alikuwa Mrusi mmoja aliyeamini kwamba neno haliingii kichwani mpaka lisindikizwe na kofi. Akisema shika na mimi sijashika, napigwa. Akisema acha nikachelewa kuacha, napigwa. Kwa hiyo vitenzi vya Kirusi navijua kwa mahali vilipouma: kimoja kwenye taya, kimoja mbavuni, na kingine kilinivunja hiki kidole kidogo ambacho mpaka leo hakikunjiki. Mtu akiniambia ukalimani ni kazi ya kukaa na kunywa chai, namwonyesha kidole.

Niliporudi nyumbani nikakuta Warusi nao wamefika. Kikosi cha wapanda farasi kilikuwa kimewekwa kwenye nyumba kuukuu ya wasafiri wa misafara, nje ya mji, kuta nene, ua katikati na mazizi pande zote. Vijana wetu walikaa juu ya farasi, na Mrusi akakaa juu ya vijana wetu. Hapo nilipata mkate wangu: Mirza Ghaffar, mkalimani. Mdogo wangu Barat alikuwa mle ndani pia, mpanda farasi. Mama alituombea dua wote wawili, kisha akanivuta pembeni.

"Mdogo wako ni mwepesi wa mkono," aliniambia. "Wewe Mungu kakupa ulimi. Basi ulimi wako ukae mbele ya mkono wake. Unanisikia?"

Nilimwambia namsikia.

Mkuu wa kikosi alikuwa Kapteni Zavyalov, mtu mfupi, msafi, aliyenukia marashi hata kwenye matope. Alipenda vitu viwili duniani. Cha kwanza ni farasi wake Qezel, dume la Kiturukimani lenye manyoya ya rangi ya dhahabu, ambalo alililisha shayiri kwa kiganja chake mwenyewe. Cha pili ni kutiiwa papo hapo. Alichukia kungoja tafsiri. Nikiwa bado nalitafuta neno, yeye anajipiga mjeledi kwenye buti, tap, tap, tap.

Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kitabu cha kanuni za wapanda farasi, kukitoa kwenye Kirusi na kukitia kwenye Kiajemi. Majina ya vitu hayakunisumbua. Tandiko ni tandiko. Vitenzi ndivyo vilivyonitoa jasho. Mrusi ana kitenzi chake, ubrat. Kwa kitenzi hicho kimoja anaondoa vyombo mezani, anavuna ngano, anampamba bibi harusi, na akichoshwa na mtu anamuua. Wala sisi Waajemi hatuna haki ya kucheka, maana na sisi tunapiga: tunapiga hodi, tunapiga hatua, tunapiga mfano, tunapiga muhuri, tunapiga ngoma, na mtu naye tunampiga. Mfasiri hana budi kumtazama msemaji usoni ajue ni ipi. Kitabu hakina uso. Kapteni alikuwa nao, na mara nyingi ulisema ile maana mbaya zaidi.

Nami nilikuwa na desturi yangu. Kitenzi kikiwa na maana tano, nawapa vijana ile isiyotoa damu.

"Mwambie huyu punda," Kapteni atasema, "akikaa hivyo tena nitamvunja mgongo."

"Kapteni anakuomba unyooshe mgongo," namwambia kijana.

Kijana ananitazama kwa jicho la pembeni. "Ndiyo yote aliyosema, Mirza? Mbona katema mate?"

"Hayo mate ndiyo salamu zao."

Wanacheka, Kapteni anaona wanacheka na mgongo umenyooka, anaridhika. Tuliishi hivyo. Walijua ninawapakia asali, na yeye hakujua. Nilijiona mjanja sana.

Asubuhi moja ya baridi, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, tulipangwa uani kwa ukaguzi. Kapteni alipita mstarini akivuta mikanda ya matandiko mmoja mmoja. Mkanda wa Mzee Heydar ulikuwa umelegea. Mzee Heydar ndiye aliyekuwa na mvi kuliko wote, mtu wa Bastam, mpole, vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi na kila mtu alilijua hilo. Kapteni hakusema kitu cha kutafsiri. Aliinua mjeledi akamchapa usoni, na ncha yake ikaingia jichoni.

Sijasahau sauti ile. Mzee Heydar alijishika uso kwa viganja viwili, na kilichopita kati ya vidole vyake hakikuwa machozi. Kapteni akainua mjeledi tena.

Ulimi wangu ulikuwa mbali. Mkono wa Barat ulikuwa karibu. Alitoka mstarini, akaudaka mjeledi hewani, na kwa mkono wa pili akampiga Kapteni ngumi ya mdomo. Kapteni alikaa chini kwenye theluji mbele ya kikosi kizima na kutema meno mawili. Barat alijitazama ngumi kama mtu aliyeazimwa mkono, kisha akili ikamrudia. Akakimbia. Hakukimbilia lango, maana pale walisimama watumishi wawili wa Kirusi wa Kapteni wenye bunduki. Alikimbilia zizini, akaingia kwenye banda la Qezel, na akaushika mkia wa farasi kwa mikono miwili.

Wapanda farasi wote wakashusha pumzi.

Kwetu, aliyeshika mkia wa farasi ameshika bast, na mtu wa bast hagusiki. Awe mwizi, awe muuaji, hata awe amemtukana Shah. Mwenye zizi anamlisha, watu wazima wanaingia kati, wanasemezana, na hatoki mpaka apewe amani kwa kiapo. Na mwenye farasi akiivunja bast, kwa nguvu au kwa hila, farasi yule hatamfikisha tena kwenye ushindi. Mtoto wa kwetu analijua hili kabla hajajua kuvaa viatu.

Kapteni hakulijua. Aliinuka, damu ikimchuruzika kidevuni, akaelekeza kidole zizini na kusema kile kitenzi chake. Ubrat.

Haikuhitaji mtu kumtazama usoni. Lakini desturi ni desturi, na aliyekuwa mle ndani ni mdogo wangu. Niligeuka kwa vijana nikasema kwa sauti ya juu, "Kapteni anataka zizi lisafishwe."

Naibu Eynollah, ofisa wetu wa Kiajemi, jitu pana lenye masharubu na akili za haraka, alinikazia macho. "Lisafishwe? Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na msiwe na haraka, afanyaye haraka huacha taka."

Wakachukua mafagio. Wakafagia kwa adabu zote, wakiondoa samadi koleo kwa koleo, na kila aliyepita nyuma ya Qezel aliinamisha kichwa kwa Barat. Kijana mmoja akamnong'oneza, "Sogeza mguu, bwana harusi, nifagie." Barat alicheka huku meno yakigongana kwa baridi. Nilidhani nimenunua siku nzima. Nilikuwa nimenunua mabanda mawili tu. Kapteni alikuja nyuma yangu, akanigeuza kwa bega, na kunipiga mdomoni kwa mpini wa mjeledi.

"Nimekaa nchi hii miaka mingi, Mirza," alisema. "Neno fagio nalijua."

Nilikuwa nimepiga magoti, nikilamba damu yangu. Akatoa bastola akaiweka kifuani kwa Naibu Eynollah. Akasema sentensi ambayo haikuwa na maana mbili: amtoe yule mtu au afe yeye.

"Mwambie," alisema Eynollah bila kuitazama bastola, "kichwa changu ni chake, akikate aweke mezani. Mtu wa bast simgusi. Na hapa hutampata wa kumgusa."

Hilo nililitafsiri lote. Kapteni alimpiga Eynollah kwa bastola kwenye shavu mpaka mfupa ukaonekana. Eynollah aliyumba, akasimama palepale. Basi Kapteni akaingia zizini mwenyewe. Lakini Barat alikuwa amebanana nyuma ya mapaja ya Qezel, na Qezel, aliyenusa damu, alikuwa akirusha teke na kuzungusha macho. Kapteni aliinua bastola mara ya kwanza, akaishusha. Akaiinua mara ya pili, akaishusha tena. Asingeweza kumpiga Barat bila kumhatarisha farasi wake. Alitoka akiwa mweupe midomoni.

Adhuhuri aliniita chumbani kwake. Chai ilikuwa imeshamiminwa, na vipande vya sukari viko kwenye kisahani. Mdomo wake ulikuwa umevimba, wangu pia, tukanywa kwa shida wote wawili kama vikongwe. Akaniuliza kwa upole bast ni kitu gani.

Nikamweleza. Nikamweleza vizuri, maana nilifurahi kwamba hatimaye anauliza. Nilimwambia habari za mwenye zizi kumlisha mkimbizi wake, nikamwambia habari za farasi.

"Na mimi nikitaka atoke?"

"Unaapa kwamba utampa amani. Ukishaapa, anatoka."

"Nani anamtoa?"

"Aliyelipeleka neno lako. Anamshika mkono, anamtoa. Huyo ndiye mdhamini."

"Yaani wewe." Akatabasamu kwa pengo lake. "Haya. Kamwambie nitamwachilia."

Kitenzi alichotumia kilikuwa otpustit. Kwa hicho Mrusi anamfungua mfungwa, analegeza hatamu, anasamehe dhambi, anafuga ndevu, anatoa mzaha. Nilikiweka kikombe chini.

"Bwana mkubwa, kitenzi chako hicho kina milango mingi. Niambie unapita upi."

Alicheka sana, akajishika mdomo kwa maumivu. "Nitamwacha aende zake. Mzima. Kwa miguu yake mwenyewe. Hatapigwa na mimi wala na mtu wangu yeyote. Umetosheka?"

"Apa."

Akavuta msalaba kutoka ndani ya shati akaubusu. Nilikuwa nimeiziba milango yote ya kitenzi kile na kubakiza mmoja. Sijawahi kutafsiri neno kwa uangalifu kama lile, na nasema mpaka leo, kwenye tafsiri sikukosea.

Zizini Barat alikuwa ameegemeza shavu kwenye nyonga ya Qezel. Farasi alikuwa ametulia sasa. Vidole vya mdogo wangu vilikuwa vimegeuka rangi ya zambarau kwenye manyoya ya mkia.

"Amekula kiapo," nilimwambia. "Unakwenda nyumbani. Mama amepika maboga."

"Mama hajui hata kama nakuja."

"Basi atapika."

Hakucheka. "Kaka, wewe unamwamini?"

"Nimemwapisha msalabani. Kila neno nimelipima."

"Sikuulizi msalaba wala neno. Nakuuliza wewe."

Nilinyoosha mkono. "Shika mkono wangu."

Akaachia mkia, kidole kimoja baada ya kingine, akanishika. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la kisimani. Tukatoka tukishikana, kama nilivyokuwa nikimpeleka chuo cha Kurani utotoni, na wapanda farasi waliosimama kando ya kuta walitusalimu kwa vichwa. Mzee Heydar, jicho limefungwa kitambaa, alisema, "Mungu akuweke, mwanangu." Kapteni alisimama ngazini kwake, mikono nyuma. Alituacha tufike katikati ya ua, mbali na kila farasi.

Hapo akapiga mluzi.

Wale Warusi wawili walitoka nyuma ya kisima. Wa kwanza alimpiga Barat kisogoni kwa kitako cha bunduki, na mkono wake ukachomoka kwenye wangu. Nilimrukia yule mtu nikamng'ata sikio, sioni haya kusema, nilimng'ata mpaka likabaki kinywani mwangu. Wa pili alinipiga mbavuni mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Wapanda farasi wakasogea, na Kapteni akaielekeza bastola kichwani kwa Barat. Wakasimama.

"Umeapa!" nilimpigia kelele kutoka chini. "Umeapa mbele yangu!"

"Mbele yako?" Alishuka ngazi taratibu. "Wewe ni bomba, Mirza. Maneno yanapita ndani yako. Nani anaapa mbele ya bomba?"

Walimlaza Barat chali wakamfunga miguu kwenye mti mmoja, nyayo zikitazama juu, wakamchapa kwa fimbo za mkomamanga. Walibadilishana, Warusi wawili na Kapteni mwenyewe, na muda wote bastola ilikuwa kichwani kwa Barat. Kapteni alivua koti. Fimbo zilipokatika zilichukuliwa nyingine. Mwanzo Barat alitukana, kisha akamwita mama, kisha hakuita mtu. Nyayo zilipasuka, nyama ikaachana na mfupa, na theluji chini yake ikafanya dimbwi jekundu. Kila nilipofumba macho yule asiye na sikio alinipiga teke niyafumbue. Mwisho walimfunga kwenye nguzo ya katikati ya ua, mikono juu, nyayo zile zikigusa barafu.

Alikuwa bado hai wakati mpanda farasi wa posta alipoingia na habari. Rajab Khan, mnyang'anyi wa milima ile, alikuwa ameteka gari la posta na kuingia kwenye mnara wa mawe juu ya njia ya mlimani. Amri ya wakubwa ni kwamba kikosi kitoke mara moja. Kapteni alivaa koti, akavaa glavu, akatandikiwa Qezel. Akampitia Barat karibu sana, akamwinua kidevu kwa mjeledi.

"Mtafsirie," aliniambia. "Nikirudi na ushindi, nitammaliza kwa mkono wangu. Kitenzi hiki hakina milango."

Nilimtafsiria. Barat hakumtazama Kapteni. Alinitazama mimi.

Tulipanda mlima. Mahali pangu siku zote palikuwa kando ya kikuku cha tandiko alichotia mguu Kapteni, ili amri yake ipite haraka, na hapo ndipo nilipokuwa, mbavu zikinichoma kwa kila hatua ya farasi wangu. Nyuma yangu hakukuwa na wimbo wala mzaha. Naibu Eynollah alikuwa amefunga shavu kwa kitambaa. Nilikuwa na wazo moja tu: mtu huyu akirudi mzima, mdogo wangu amekufa. Niliwaza kumchoma kisu mgongoni. Wale Warusi wawili walikuwa nyuma yangu na bunduki, na walijua ninachowaza.

Mnara ulikuwa juu ya mteremko mtupu, na watu wa Rajab Khan wamelala ukutani. Risasi ya kwanza ilimpata yule Mrusi asiye na sikio, akaanguka bila neno. Mwenzake aligeuza farasi akashuka mlima mbio, na sikumwona tena maishani. Kapteni hakutikisika. Hofu hakuwa nayo, hilo siwezi kumnyima. Alichomoa upanga, akasimama juu ya vikuku, akatoa amri.

Nami, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, niliitafsiri yote bila kulainisha hata silabi. Nilipaza sauti mpaka mnarani wakanisikia.

"Shambulieni! Mbwa nyinyi, wana wa mbwa! Atakayebaki nyuma nitampiga risasi ya tumbo, na maiti yake nitawaachia mbweha!"

Hakuna aliyekwenda mbele. Naibu Eynollah alishuka kwenye farasi wake. Alishuka bila haraka, akazunguka nyuma, akaushika mkia wa farasi wake kwa mikono miwili. Aliyefuata akashuka. Kisha wote. Mstari mzima wa wapanda farasi ulisimama kwenye theluji, kila mmoja nyuma ya mnyama wake, kila mmoja ameshika mkia.

Kapteni aligeuka. "Wanafanya nini?"

"Wameshika bast, bwana mkubwa."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi yako."

Kule mnarani risasi zilikuwa zimenyamaza. Wanyang'anyi ni wanyang'anyi, lakini nao wamezaliwa kwetu, na mtu wa bast hawampigi. Mmoja alisimama juu ya ukuta wazi wazi na kuita, "Enyi wa Shahrud! Nani kavunja bast?"

"Huyu hapa!" Eynollah alimjibu. "Wa farasi wa dhahabu!"

Kapteni alimpiga Eynollah risasi. Ilimwingia begani, ikamsukuma akapiga goti moja, na mkia hakuuachia. Akampiga kijana wa pembeni yake, yule wa bwana harusi nifagie. Yule alianguka kifudifudi, akafa, na manyoya ya mkia yamebaki ndani ya ngumi yake. Bado hakuna aliyeachia wala kuinua silaha. Kapteni aliwatazama, akatazama mnara ambako sasa walikuwa wanacheka, na nikaona uso wake ukiwa mwekundu mpaka kwenye masikio. Angeweza kurudi. Lakini kurudi ni kukubali kwamba farasi wake hambebi.

"Waambie watazame," alisema. "Waambie waone farasi huyu ananipeleka wapi."

Akampiga Qezel visigino.

Qezel alikimbia vizuri. Watu wa kwetu wakilisimulia hili wanasema aligoma, wanasema alilia kama binadamu. Uongo mtupu. Alikimbia kwa uzuri wake wote, na Kapteni juu yake na upanga mbele, mpaka karibu na ukuta. Hapo bunduki za mnarani zilifyatuka pamoja. Farasi hakuguswa. Kapteni alipigwa tumboni na shingoni, akateleza upande, na mguu wake ukanasa kwenye kikuku. Qezel akafanya anachofanya farasi yeyote mwenye hofu: aligeuka kuwarudia wenzake. Alimburuta bwana wake mteremko mzima, juu ya theluji na juu ya mawe, kichwa kikigonga, mpaka alipotufikia akasimama mbele yetu akitetemeka.

Kapteni alikuwa bado anapumua. Nusu ya uso haikuwapo. Mdomo uliobaki ulikuwa ukisema kitu kimoja, tena na tena.

"Anasema nini, Mirza?" aliuliza mpanda farasi mmoja mstarini.

Nilikijua kitenzi. Kilikuwa kilekile alichoapia.

"Anaomba aachiliwe," nilisema.

Wakanitazama wote. Eynollah, amekaa kwenye theluji na bega limelowa, alisema, "Wewe ndiye mdhamini. Haki ni yako. Mburute mpaka Shahrud ukitaka, hakuna atakayekulaumu."

Nilitaka. Naapa nilitaka kumpiga Qezel kofi la mgongoni na kumwacha akimbie mpaka nyumbani na yule mtu nyuma yake. Badala yake nilichomoa kisu, nikakata ukanda wa kikuku. Mguu ukaanguka. Nilimwachilia, kwa ile maana moja niliyomwapisha. Alilala hapo akitazama mawingu, akafa kabla hatujampandisha maiti wetu kwenye farasi.

Tulirudi tukimwongoza Qezel na tandiko tupu. Mzee Heydar, aliyebaki nyuma kwa ajili ya jicho lake, alitufungulia lango. Alikuwa amemtupia Barat koti lake mabegani, kamba hakuthubutu kuigusa. Mdogo wangu alikuwa hai. Aliinua kichwa, akamwona farasi bila mtu, akafumba macho.

Nilikimbia, nikakata kamba. Alidondoka mikononi mwangu, lakini akajivuta akatoka, akaketi kwenye theluji ile nyekundu. Hakuweza kusimama kwa nyayo zile.

"Kwisha, Barat," nilimwambia. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. "Amekufa. Mimi mwenyewe nimeona. Twende nyumbani. Shika mkono wangu."

Aliutazama mkono wangu. Aliutazama kwa utulivu, kama mtu anayetazama kitu alichowahi kununua kikawa kibovu. Kisha akageuka, akaanza kutambaa kwa viwiko na magoti kuvuka ua, na nyuma yake ikabaki mistari miwili ya damu. Hakuna aliyemsaidia, maana kila mtu alikuwa ameshaona anakokwenda. Qezel alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, kichwa chini. Barat alimfikia, akajiinua kidogo, akaushika mkia kwa mikono miwili.

"Barat, hakuna wa kukudhuru tena!" nilimwita. "Unamkimbia nani?"

Wapanda farasi wakanitazama mimi, kisha wakatazama chini.

Nikaenda jikoni. Nikachota supu kwenye sufuria ya askari, nikamegea mkate ndani yake, nikamwekea hatua chache kutoka alipo na kurudi nyuma. Mtu wa bast hulishwa.